Oksijeni ya ubongo wa mtoto akiwa usingizini (Sehemu ya 4)

Wengi mmeniuliza inboksi: mtoto mchanga akilazwa usingizi wa upasuaji, mnajuaje kama ubongo wake unapata oksijeni?

Tuanzie hapa kwetu Masasi. Mwaka 1935 alifika daktari mpasuaji Mwingereza, Leader Stirling, akiwa na misheni ya UMCA, akajenga hospitali Lulindi. (Ndiye huyo baadaye Mwalimu alimfanya Waziri wa Afya.) Enzi hizo dawa ya usingizi ilikuwa etha, inadondoshwa kwenye kitambaa usoni. Msimamizi anahesabu pumzi, anashika mapigo, anaangalia rangi ya midomo. Basi.

Shida ni kwamba rangi inachelewa. Mwaka 1947 kule Marekani, Comroe na Botelho walionyesha kuwa waangalizi wengi hawaoni ubluu mpaka oksijeni ya damu ishuke kwenye asilimia 80 hivi. Na kwa ngozi yetu ndiyo kabisa, inabidi utazame ulimi na fizi.

Mwaka 1974 Mjapani Takuo Aoyagi akatuletea njia ya kupima kwa mwanga. Ndicho kile kidude cha kubana kidoleni, mlikizoea wakati wa Korona. Ila jamani, kinasoma kidole, sio ubongo! Presha ya mtoto ikishuka, kidoleni unaweza kuona 98 safi kabisa, huku damu inayofika kichwani ni kidogo. Watu wa Newala mtanielewa: maji yapo bondeni, lakini huku juu hayajapanda.

Mwaka 1977 Frans Jöbsis wa Chuo Kikuu cha Duke alionyesha kuna mwanga usioonekana kwa macho unaopenya fuvu. Mwaka 1985 kina Jane Brazy, hapo hapo Duke, wakaripoti kuutumia kwa watoto njiti, maana fuvu lao ni jembamba. Leo ni kibandiko cha kwenye paji la uso, hasa kwenye upasuaji wa moyo. Kikisoma 70 usishtuke, kinasoma zaidi damu ya vena, iliyokwisha kutumika. Kinachotutisha ni namba kushuka kutoka pale mtoto alipoanzia.

Pasipo na kibandiko hicho, tunashika presha kila dakika tano, na hatumpampu hewa kwa fujo, kwa sababu kabonidayoksaidi ikipungua sana mishipa ya ubongo inabana. Kwa hiyo ukimwona nesi anazunguka wodi nzima kutafuta mkanda mdogo wa presha unaomtosha mwanao, usimwambie anachelewesha. Mwache autafute.