Kutoka London hadi Australia kwa Ndege

Fungua ramani yako, msomaji, uweke kidole kimoja juu ya London na kingine juu ya Darwin, mji ulioko pwani ya kaskazini ya Australia. Mwaka wa 1919 serikali ya Australia iliahidi zawadi ya pauni 10,000 kwa Waaustralia watakaotangulia kuruka kutoka Uingereza hadi nchi yao kwa muda usiozidi siku 30.

Ross Smith na nduguye Keith, pamoja na mafundi wawili, Bennett na Shiers, waliondoka kiwanja cha Hounslow, karibu na London, tarehe 12 Novemba. Ndege yao, Vickers Vimy, ilikuwa na injini mbili lakini haikuwa na paa. Waliketi wazi, baridi na mvua vikiwapiga usoni. Walitua Darwin tarehe 10 Desemba, baada ya siku 27 na saa 20, wamekwisha kupita karibu kilomita 18,000.

Sasa fanya hesabu kidogo. Safari nzima ilichukua saa 668, walakini saa walizokuwa angani zilikuwa kama 136 tu, yaani hazikutimia siku 6. Siku nyingine zote zilikwenda wapi? Zilikwenda ardhini. Hapana budi watu walale, petroli imiminwe, injini zikaguliwe. Na viwanja vyenyewe vilikuwa vichache na vibovu. Huko Surabaya, kisiwani Java, magurudumu yalizama matopeni, ndege isiweze kuondoka. Wenyeji wakaleta mikeka ya mianzi kutoka majumbani mwao, wakaitandika mmoja baada ya mwingine hata ikawa njia, na juu ya njia hiyo ndege ikakimbia, ikaruka. Zawadi waligawana wale wanne. Wenye mikeka hawakuhesabiwa.

Wala usidhani kwamba kila aliyejaribu alifika. Watu wanne walikufa katika mashindano hayo, wawili karibu na London, mara tu baada ya kuruka, na wawili baharini karibu na kisiwa cha Corfu. Ross Smith mwenyewe na Bennett walikufa mwaka wa 1922 walipokuwa wakijaribu ndege nyingine.

Mwaka wa 1947 shirika la Qantas lilianza kuchukua abiria baina ya Sydney na London kwa siku 4. Ndege zilikuwa na mbio zaidi, lakini abiria walilala njiani, Singapore na Cairo. Agosti 1989 Boeing 747 ya shirika hilo ilitoka London ikafika Sydney, mbali kuliko Darwin, bila kutua, kwa saa 20 na dakika 9. Ilikuwa karibu tupu, maana uzito wa abiria ungeizuia kufika na petroli iliyobeba. Abiria wa kawaida walingoja hata Machi 2018, ndipo walipoweza kupanda ndege Perth, magharibi ya Australia, wakashuka London baada ya saa 17 hivi, bila kukanyaga ardhi popote njiani.