Ugomvi wa Paris na Masikio ya Watoto Wetu

Februari 25 ni Siku ya Kimataifa ya Kipandikizi cha Koklea. Kwa mzazi wa Fukayosi, Bagamoyo, mwenye mtoto asiyesikia, siku hiyo inamhusu: tangu Juni 2017 kifaa hicho kinapandikizwa katika hospitali ya Muhimbili.

Shimesikio hukuza sauti tu, na koklea, sehemu ya sikio la ndani, ikiharibika sana halisaidii vya kutosha. Kipandikizi hugeuza sauti kuwa umeme na kuufikisha moja kwa moja kwenye neva ya usikivu.

Yote yalianza Paris, Februari 25, 1957. Daktari Charles Eyriès alikuwa akimtibu neva ya uso mgonjwa aliyepoteza usikivu wa masikio yote mawili. Katika upasuaji huo aliweka koili iliyotengenezwa na Profesa André Djourno. Mgonjwa alisikia sauti kama za nyenje, na kwa mazoezi akatambua maneno machache: papa, maman, allô. Koili ikaharibika. Wakaweka ya pili, nayo ikaharibika. Eyriès akakataa kuweka ya tatu, akimlaumu mwenzake kwa kazi mbovu. Ubishi ukahamia kwenye fedha: Eyriès alitaka kushirikiana na kiwanda, Djourno akagoma, akishikilia kwamba ugunduzi wa kisayansi haupaswi kumilikiwa na kampuni. Wakaachana moja kwa moja.

Ugunduzi ungeweza kuzikwa hapo, lakini huko Los Angeles mgonjwa mmoja alimpelekea Dk. William House habari ya Wafaransa hao, na mwaka 1961 House akapandikiza vifaa vyake vya kwanza. Mwaka 1978 Graeme Clark wa Melbourne akaleta kifaa cha njia nyingi za umeme, kilichowawezesha watu kufuata mazungumzo.

Hoja ya Djourno ingali hai kwetu, kwani bei ya kifaa ndiyo inayoamua nani atasikia. Mtoto mmoja kupelekwa India kupandikizwa kuliigharimu serikali kati ya shilingi milioni 80 na 100. Muhimbili iliposhusha gharama hadi chini ya milioni 40, ilistahili pongezi, na bado hakuna mkulima wa mananasi wa Fukayosi anayeweza kuzitoa mfukoni. Kifaa cha nje nacho kinahitaji betri, nyaya na matengenezo miaka yote.

Halafu kuna umri. Ubongo hujifunza lugha katika miaka ya mwanzo, na mtoto anayegundulika kuwa hasikii akiwa darasa la kwanza amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya fursa hiyo. Kipimo cha usikivu kingefanyika kliniki ileile anakopelekwa kuchanjwa, wazazi wa Fukayosi wangejua mapema.