Bei ya Kitu Kisichojulikana



Watoto wetu hurudi shuleni na hesabu za bei: fulani kanunua hiki na kile, jumla yake kadha wa kadha, basi kila kimoja ni bei gani? Wengi huziona kuwa ni udhia ulioletwa na Wazungu. Sivyo. Waislamu wenzetu ni miongoni mwa walioijenga elimu hii.

Mnamo mwaka 820 hivi, huko Baghdad, zama za Khalifa al-Maamun, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi alitunga kitabu cha al-jabr wal-muqabala. Alieleza kuwa watu huihitaji hesabu hiyo katika mirathi, wasia, kugawana mali, madai na biashara. Mna humo mlango wa bei na vipimo. Lile lisilojulikana aliliita “shay”, yaani kitu.

Tuchukue mfano wa soko la Tanga, zama rupia moja ilipokuwa pesa 64. Mama kanunua pishi ya mchele na pishi ya mtama kwa pesa 28, na mchele umezidi mtama kwa pesa 4. Bei ya mtama tuiite kitu. Mchele basi ni kitu na 4. Jumla ni vitu viwili na 4, sawasawa na 28. Ondoa 4 pande zote mbili. Hiyo ndiyo muqabala. Vimebaki vitu viwili, sawa na 24. Basi mtama ni pesa 12, na mchele 16.

Sasa tazama faida yake. Mwaka 1904 serikali ya Wadachi iliiacha hesabu ya pesa 64, ikaifanya rupia kuwa hela 100. Ndilo neno hela tulilo nalo mpaka leo. Pishi ya pesa 16 ni robo rupia, yaani hela 25. Lakini maskini hanunui pishi, hununua kibaba, na pishi ni vibaba 4. Kibaba cha pesa 4 kitakuwa hela 6 na robo, na sarafu ya robo hela haikuwapo. Muuzaji akitoza 7, vibaba vinne vitafika hela 28. Hela 3 zimekwenda, na aliyezikosa ni yule asiyemudu pishi nzima.

Wenye kupunja vipimo wameonywa vikali katika Suratul Mutaffifiin. Lakini mnunuzi asiyejua hesabu hata hajui kuwa kapunjwa.

Na hayo ni ya sokoni tu. Katika mirathi hasara ni kubwa zaidi. Ndiyo maana Sheikh Ali bin Hemedi el-Buhry, mwanachuoni wa Tanga, aliandika kitabu cha Mirathi kwa Kiswahili, watu wazifahamu nusu, thuluthi, sudusi na thumni zao. Mjane mwenye watoto haki yake ni thumni. Asipojua kuipiga, atapokea atakachopewa na kushukuru.

Basi, wazazi, tusiwaonee uvivu watoto wetu, wa kike na wa kiume, wanapokuja na hesabu zao. Kitu kisichojulikana huenda kikawa haki ya mtu.