DAFTARI LA KADHI: KARATASI ZA MIRATHI YA WAZEE WETU ZIKO WAPI?



Himidi zote anastahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Swahaba zake.

Ndugu yangu katika imani, kila tunapofundisha somo la faraidh maswali yanayokuja ni yale yale. "Sheikh, babu alikufa akaacha shamba la minazi, baba zetu wakubwa wakalishika, shangazi hakupewa kitu, na sasa wajukuu wanauza. Tufanye nini?" Wengi mnataka jibu la fat'wa. Fat'wa haina ugumu, maana haki ya shangazi yako imetajwa katika Suratun-Nisaa na wala haihitaji sheikh wa kuigundua. Tatizo lako liko kwenye bayyina. Kanuni ya sharia ni kwamba anayedai ndiye anayeleta ushahidi. Hivyo swali la kweli ni hili: ushahidi uko wapi? Nami nakwambia, mara nyingi upo. Umefungwa kwa kamba ndani ya jalada, juu ya kabati, na hakuna aliyekwenda kuuliza.

Tuanze na asili ya jambo. Baada ya vita vya Uhud, mjane wa Sa'd bin Rabi' (r.a.) alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) na binti zake wawili. Baba yao ameuawa shahidi, na ami yao amechukua mali yote. Katika mapokezi ya Jabir (r.a.), aya ya mirathi ikateremka, na Mtume (s.a.w.) akamwita yule ami, akamwamuru awape mabinti theluthi mbili, mama yao thumni, na kinachobaki ndicho chake. Tazama vizuri, ndugu yangu. Kesi hiyo ina mlalamikaji mwanamke, mayatima, mali iliyoshikwa na jamaa, na hukumu yenye mafungu. Ukifungua jalada la mirathi la Unguja au la Mombasa leo utakuta sura hiyo hiyo, wamebadilika majina tu.

Waislamu hawakuachia jambo hili kumbukumbu za vichwa. Katika miaka ya 1970, ndani ya Jumba la Makumbusho la Kiislamu katika eneo la Msikiti wa Al-Aqsa, zilipatikana karatasi takriban 900 za zama za Mamluk, nyingi za mwishoni mwa karne ya 14. Karibu nusu yake ni orodha za mali za watu waliofariki au waliokuwa wagonjwa mahututi. Kadhi alituma mashahidi mpaka kwenye kitanda cha mgonjwa, wakaandika nguo zake, vyombo vyake, madeni yake, nani mrithi na yuko wapi. Walikuwemo hata wageni na mafakiri waliokuwa na kanzu na sufuria tu. Allahu Akbar! Sufuria ya fakiri imeandikwa, na sisi shamba la ekari kumi tunaligawa kwa mdomo barazani.

Sasa tuje kwetu pwani. Zanzibar chini ya masultani ilikuwa na makadhi wa aina mbili, wa madhehebu ya Shafi na wa Ibadhi, kwa sababu watawala walikuwa Maibadhi na raia wengi Mashafi. Sheikh Abdulaziz al-Amawy, aliyefariki 1896, na Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyefariki 1925, walikuwa makadhi wa Kishafi. Waingereza walipoweka himaya yao 1890, baadaye wakaleta mahakama zao juu ya hizi, lakini mirathi ya Waislamu ikaendelea kuamuliwa kwa sharia. Mwaka 1905 ikaundwa Kamisheni ya Wakfu. Kwa hiyo mtafutaji wa karatasi za Unguja na Pemba aanze na swali ambalo vijana wengi hawalijui: mzee wetu alikuwa madhehebu gani, na mali yake aliiacha mirathi au aliiweka wakfu? Ukikosea hapo unaweza kupekua madaftari mwezi mzima na unachokitafuta kimo katika daftari jingine.

Karatasi za zamani ziko Nyaraka za Taifa Zanzibar, pale Kilimani. Za karibuni ziko Mahakama ya Kadhi yenyewe, au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo mpaka leo inashughulikia kugawa mirathi. Usiende mikono mitupu. Nenda na kitambulisho, barua ya maombi, cheti cha kifo kama kipo, na jina kamili: fulani bin fulani bin fulani na kabila lake, pamoja na mtaa. Ukimwambia karani "natafuta ya babu Juma wa Makunduchi", kakaa zake kina Juma wangapi pale?

Tena jihadhari na tarehe. Hati nyingi za kale zimeandikwa kwa Kiarabu, au kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na tarehe ni ya Hijria. Mwaka 1314 Hijria ulianza katikati ya 1896, kwa hiyo aliyefariki Ramadhani ya 1314 amefariki mwanzoni mwa 1897. Anayetafuta katika daftari la 1896 peke yake hatamuona.

Na tarehe ya kifo ndiyo roho ya jalada. Mfano mashuhuri ni Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said. Baba yake alifariki Oktoba 1856, naye Salme akapata fungu lake, ingawa mama yake alikuwa suria wa Kicherkesi. Katika sharia mtoto wa suria ni mtoto, hapungukiwi hata punje. Mwaka 1867, akiwa Aden, alibatizwa na kuolewa na Mjerumani. Miaka mingi baadaye akarudi kudai mafungu ya ndugu zake waliofariki nyuma yake, Seyyid Barghash akakataa, na mpaka manuwari za Kijerumani zikahusishwa. Siasa tuiache. Kifiqhi mambo mawili yanatengana wazi: alichorithi akiwa Muislamu ni chake, na waliofariki baada ya yeye kutoka katika Uislamu hawarithi, kwa hadithi ya Usama bin Zayd (r.a.) iliyomo Bukhari na Muslim. Mtu yule yule na familia ile ile, lakini tarehe imebadilisha hukumu.

Kwenye familia yako tarehe hufanya kazi kwa njia ya munasakhat, yaani mrithi kufa kabla mali haijagawiwa. Babu kafa, kaacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Gawa mali mafungu 32: mke 4, mwana 14, kila binti 7. Kisha binti mmoja kafa kabla ya mgao, kaacha mume na mtoto wa kiume. Hapa wajomba hupenda kusema, "Dada ameshatangulia, fungu lake limerudi shambani." Uongo! Zile 7 ni za mumewe, mwanawe na mama yake, na kaka hapati kitu maadamu kuna mtoto wa kiume. Lakini lazima uthibitishe kwamba binti alikufa baada ya baba yake, na hilo utalithibitisha kwa karatasi. Kilio hakitasaidia.

Yako pia majalada yanayoumiza roho. Sultan Hamoud alipofuta hadhi ya utumwa kisheria tarehe 6 Aprili 1897, likazuka suali: mtumwa aliyeachwa huru akifa bila ya jamaa, nani atamrithi? Katika sharia aliyemwacha huru ana walaa. Je, aliyeachwa na serikali? Mabwana wa zamani walikwenda kwa makadhi kudai vibanda na mikarafuu ya watu waliowahi kuwamiliki. Kwa hiyo wewe ambaye bibi yako alitoka bara na nasaba yake hamuijui, usikate tamaa na madaftari haya. Huenda hapo ndipo pekee jina lake limeandikwa, ubavuni mwa jina la bwana. Soma bila haya, na umuombee.

Ndugu zangu wa Kenya, mahakama zenu za kadhi zimelindwa tangu makubaliano ya 1963 ya Mwambao mpaka Katiba ya 2010, ibara ya 170. Anzeni na mahakama ya kadhi ya eneo alilokaa marehemu, kisha Nyaraka za Taifa. Na msilisahau Gazeti rasmi la Serikali, linalotoka tangu 1899, maana lina matangazo ya mirathi. Kwa mashamba ya Mwambao ziko pia kumbukumbu za madai ya ardhi chini ya sheria ya 1908, ambapo watu walileta hati zao za Kiarabu kuthibitisha umiliki.

Tanzania Bara mahakama za kadhi za serikali ziliondoshwa kwa mabadiliko ya sheria ya 1963. Mirathi nyingi za Waislamu ziko Mahakama ya Mwanzo. Pale ufunguo ni namba: "Mirathi Na. fulani ya mwaka fulani". Itafute kwenye karatasi yoyote iliyobaki nyumbani, hasa barua ya uteuzi wa msimamizi, Fomu Namba IV. Jalada likikosekana mahakamani, nenda kwa Msajili wa Hati kama shamba au nyumba ina hati. Jina la marehemu haliondolewi kwenye hati bila uthibitisho wa mahakama, basi nakala inaweza kuwa imebaki huko. Andika barua kwa Hakimu Mfawidhi, lipa ada, chukua risiti, na uombe nakala iliyothibitishwa kwa muhuri. Picha ya simu haitoshi kuwa bayyina.

Omba jalada zima. Wengi hurudi na barua ya uteuzi peke yake wakadhani wamemaliza, na kaka mkubwa naye huitumia barua hiyo hiyo kujifanya mwenye mali. Msimamizi si mmiliki! Anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na hesabu ya mgao, Fomu V na VI. Kama hazimo, basi jalada lenyewe linakwambia kwamba hakugawa, na hilo peke yake ni hoja ya kurudi nayo kwa hakimu.

Na kabla ya safari yoyote, nenda kwa yule shangazi mwenyewe, au bibi aliyebaki. Muulize majina matatu ya marehemu, muulize kadhi au hakimu alikuwa nani, muulize nani alikufa kwanza. Andika anavyosema, hata akichanganya miaka. Ana miaka themanini na kitu, na hayo hayamo katika kabati la karani yeyote.

Wallahu a'lam.