Injini Isiyowaka: Historia ya Makosa ya Mwanagenzi

Kwa Kiswahili motokaa huwaka. Neno litumiwalo kwa taa, jiko na kuni ndilo litumiwalo kwa injini. Nayo ikikataa, husemwa kwamba haishiki, kama moto usivyoshika kuni mbichi. Msemo huu wafaa kuzingatiwa na kila atakaye kuielewa mashine hiyo, maana ndani ya injini ya petroli mna moto wa kweli, na moto huo wahitaji mambo manne: pumzi iliyobanwa, mafuta yaliyochanganyika na hewa, cheche, na majira yaliyo sawa. Mambo hayo hayakupatikana kwa siku moja wala kwa mtu mmoja. Yalitafutwa kwa muda wa nusu karne, tangu mwaka wa 1860 hata mwaka wa 1912. Na kila uvumbuzi ulipozaliwa ulizaliwa na kosa lake, kama pacha.

Kisa chenyewe ni cha kawaida. Mtu ana motokaa kuukuu ya miaka ya 1950, yenye silinda nne. Ilikuwa ikikohoa na kutoa moshi, lakini ikiwaka. Mwenyewe akanunua spana, akafungua kichwa cha injini, akasaga valvu, akaweka gasketi mpya, akang'oa distribyuta apate kuisafisha, akabadili pointi. Baada ya majuma kadhaa kila kitu kimerudi mahali pake, nacho chang'aa. Anapiga stata: injini yazunguka, wala haishiki. Kabla ya matengenezo ilikuwa mgonjwa. Baada ya matengenezo imekuwa maiti.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa, wakadhani kwamba uzee umeishinda injini, nao huweza kuiuza kwa bei ya chuma chakavu hali ni nzima. Walakini uzee na mkono huua kwa namna mbili zilizo mbalimbali. Injini iliyochakaa hudhoofika pole pole, silinda moja baada ya nyingine. Injini iliyokuwa ikiwaka hata siku ilipofunguliwa, kisha isiwake tena, haikuuawa na uzee; ina kosa lililotiwa na mkono, na kosa hilo liko mahali mkono ulipopita. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi si, "Ina ugonjwa gani?" bali, "Ni nini kilichoguswa?" Na ajibuye swali hilo kwa utaratibu hujikuta anairudia historia ya injini tangu mwanzo wake.

Mwanzo huo ulikuwa Paris mwaka wa 1860, Étienne Lenoir alipounda injini iliyotumia gesi ya makaa ya mawe. Injini yake ilikuwa na cheche ya umeme itokayo kwenye koili, lakini haikubana kitu: ilivuta gesi na hewa, ikaviwasha papo hapo, nayo pistoni ikasukumwa mara upande huu, mara upande huu. Ilikula gesi nyingi ikatoa nguvu kidogo. Aliyebadili mambo hayo ni Nikolaus August Otto, huko Deutz karibu na Cologne, mwaka wa 1876. Katika injini yake pistoni hushuka ikivuta mchanganyiko wa mafuta na hewa, hupanda ikiubana, hushuka ikisukumwa na moto, kisha hupanda tena ikitoa moshi. Kanuni hiyo ilikuwa imekwisha kuandikwa na Mfaransa Alphonse Beau de Rochas mwaka wa 1862, na kwa sababu hiyo haki ya Otto ilifutwa nchini Ujerumani mwaka wa 1886. Illa mwenye kuitia katika chuma kikafanya kazi ni Otto.

Basi katika uvumbuzi huo mlizaliwa makosa mawili ya mwanagenzi. La kwanza ni la pumzi. Tangu mwaka wa 1876 nguvu ya injini yatokana na kubana, na pumzi iliyobanwa hutafuta ufa wo wote itorokee. Aliyesaga valvu zake huamini kwamba amezifanya zikae barabara. Na kweli huenda zimekaa. Lakini kadiri valvu inavyosagwa ndivyo inavyozama kitini, na mguu wake huchomoza zaidi upande wa pili, hata ile nafasi nyembamba iliyoachwa kati yake na mkono unaoisukuma ikatoweka. Asipoirudisha nafasi hiyo kwa kipimo, valvu hushikiliwa wazi daima, na kazi yake nzuri ya kusaga inakuwa bure. Kosa la pili ni la majira, nalo litazungumzwa mahali pake.

Jambo la pili ni mafuta. Karl Benz, aliyepewa haki ya uvumbuzi wa motokaa yake tarehe 29 Januari 1886, aliyaacha mafuta yafuke yenyewe katika chombo, na hewa ikapita juu yake ikichukua mvuke. Wilhelm Maybach ndiye aliyeleta, mwaka wa 1893, kabureta ya kunyunyiza: mafuta hukaa katika kikombe chenye boya, na hewa ivutwayo na pistoni huyanyonya kwa tundu jembamba. Tangu hapo uhai wa injini ulitegemea tundu ambalo punje moja ya uchafu huweza kuliziba. Shida yenyewe ilikuwa imekwisha kuonekana kabla ya Maybach. Mwezi wa Agosti 1888 Bertha Benz, mkewe Karl, alitoka Mannheim kwenda Pforzheim pamoja na wanawe wawili, safari ipitayo kilomita 100, bila ya kumwarifu mumewe. Husimuliwa ya kuwa mrija wa mafuta ulipoziba aliuzibua kwa pini ya kofia, na waya wa umeme ulipochubuka aliukinga kwa ukanda wa soksi yake. Mafuta aliyanunua katika duka la dawa la Wiesloch. Bibi huyu hakuwa fundi kwa cheo, lakini hakuwa mwanagenzi. Kwa kuwa aliposimama njiani alijua ni nini kinachopaswa kupita wapi. Mwenye kuifungua kabureta yake leo ajiulize yayo hayo. Akichomoa plagi baada ya kupiga stata mara kadhaa akaiona kavu kabisa, mafuta hayafiki. Akiiona imelowa chepechepe, mafuta yafika, na yawezekana yamezidi. Basi aliache jambo hilo aende kwenye cheche.

Cheche ndiyo iliyowasumbua wavumbuzi kupita vyote. Lenoir alikuwa nayo, lakini haikuaminika. Otto mwanzoni alitumia ulimi wa moto uliofunguliwa kwa kitasa. Gottlieb Daimler alitumia kijibomba kilichopashwa hata kikawa chekundu. Mwaka wa 1902 Gottlob Honold, katika karakana ya Robert Bosch huko Stuttgart, alitengeneza magneto ya umeme mkali pamoja na plagi yake. Baadaye Charles Kettering wa Marekani aliunda mpango wa betri, koili na pointi, ulioanza kutumika katika motokaa za Cadillac karibu na mwaka wa 1910, nao ndio uliotawala kwa zaidi ya miaka sitini.

Mpango huo ni mwepesi, lakini hufahamika kinyume. Mwanagenzi hudhani kwamba cheche hutoka pointi zinapogusana, kama jiwe na chuma. Sivyo. Zinapogusana umeme hupita katika koili ukaifanya sumaku. Zinapoachana umeme hukatika kwa ghafula, sumaku huanguka, na katika kuanguka kwake cheche huruka kwenye plagi. Kukatika ndiko kuwaka. Kwa hiyo nafasi ya pointi, ambayo katika motokaa nyingi ni karibu na nusu ya milimita au pungufu kidogo, si jambo dogo: zisipoachana hapana cheche kamwe. Na liko kosa jingine dogo kuliko hilo, nalo ndilo limtesalo mwenye kubadili pointi kwa mara ya kwanza. Waya na kamba ya pointi hutengwa na chuma cha distribyuta kwa vishale viwili vitatu visivyopitisha umeme. Kimoja kikiwekwa juu badala ya chini, umeme hupata njia ya mkato kwenda kwenye mwili wa injini. Pointi zitafunguka na kufunga mchana kutwa, nao umeme haukatiki. Kila kitu ni kipya, kila kitu ni safi, na injini ni bubu.

Sasa lile kosa la majira. Kwa kanuni ya Otto mhimili mkuu wa injini huzunguka mara mbili, na moto huwa mara moja. Maana yake pistoni hufika kileleni mara mbili: mara ya kwanza imebana, mara ya pili imetoa moshi. Alama iliyochongwa kwenye gurudumu la injini hulingana mara zote mbili, wala haisemi ni ipi. Mwanagenzi huzungusha injini hata alama zikalingana, kisha hurudisha distribyuta huku rota ikielekea plagi ya silinda ya kwanza, akaridhika. Ikiwa amekosea kilele, cheche itatoka kwa wakati usio na kitu cha kuwasha, na injini yaweza kupiga chafya katika kabureta, ndiyo dalili yake. Dawa haihitaji chombo: aichomoe plagi ya silinda ya kwanza, azibe tundu kwa kidole gumba, na mwenzake azungushe injini polepole. Pumzi ikikisukuma kidole, kilele kinachofuata ndicho cha moto.

Hata hapo bado nyaya za plagi zina utaratibu wake. Ford Model T, iliyoundwa tangu mwaka wa 1908 hata mwaka wa 1927 kwa idadi ipitayo milioni 15, iliwaka kwa mfuatano wa 1-2-4-3. Injini nyingi za silinda nne zilizoifuata huwaka kwa 1-3-4-2. Aliyejifunza kwa moja akazifunga nyaya za nyingine kwa kumbukumbu hubadilisha silinda mbili bila ya kujua. Kadhalika motokaa nyingi za Kiingereza za miaka ya 1950 zilifungwa betri hivi kwamba upande chanya ndio ulioshikamana na chasisi. Azoeaye motokaa za baadaye huifunga kinyume, na cheche hupungua nguvu. Makosa haya si ya upumbavu. Ni ya mtu aliyechukua desturi ya zama moja akaipeleka katika zama nyingine.

Katika zama za hendeli kosa la majira halikuwa la hasara tu, bali la hatari. Dereva wa Model T aliirudisha nyuma cheche kwa mkono mdogo ulio chini ya usukani kabla ya kuzungusha hendeli. Akisahau, moto ulimtangulia pistoni, hendeli ikarudi kwa kishindo, na mifupa ya mkono ikavunjika. Ndiyo sababu watu walifundishwa kuivuta kwenda juu, na kukiweka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine. Stata ya umeme ya Kettering, iliyotiwa katika Cadillac za mwaka wa 1912, iliiondoa hatari hiyo. Lakini iliondoa na elimu. Mwenye kuzungusha hendeli aliihesabu pumzi ya kila silinda kwa mkono wake, akaijua iliyo dhaifu. Mwenye kubonyeza swichi hasikii kitu illa mlio.

Afrika ya Mashariki iliingia katika historia hii mapema. Tarehe 10 Agosti 1907 Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa akikusudia kulikata bara zima, naye akafika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909. Katika miji iliyokua baadaye gereji nyingi zilishikwa na mafundi wa Kihindi, wakiwamo Makalasinga, kama Waswahili walivyowaita watu wa dini ya Sikh. Miongoni mwa jamaa hiyo alitoka Joginder Singh wa Kenya, fundi na dereva, aliyeshinda mashindano ya Safari mwaka wa 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant katika Volvo iliyokwisha tumika. Vijana wa Kiafrika nao waliingia gereji kwa kuosha vyuma na kushika taa, wakatoka wanajua kusikiliza; na wengi wakaanzisha karakana zao chini ya miti, ndizo zilizopewa nchini Kenya jina la jua kali. Spana, plagi, betri na breki zikawa maneno ya Kiswahili kwa sababu zilikuwa kwanza vitu vya mikononi mwa Waswahili.

Tangu miaka ya 1970 viwanda vilianza kuziacha pointi, na kufika miaka ya 1990 kabureta nazo zilikuwa zimetoweka karibu katika motokaa zote mpya za Ulaya na Marekani. Injini ya siku hizi hutaja makosa yake kwa tarakimu, kwa mwenye chombo cha kuisoma. Faida yake ni kubwa, na aghalabu huwaka. Lakini iliyopotea ni mashine ambayo mtu aliweza kuipitia yote kwa macho na vidole, tangu wazo la Otto hata swichi ya Kettering, akajua kila kipande kilijibu shida gani. Elimu bila amali ni kama nta bila asali. Na amali bila elimu ndiyo iliyomfikisha yule mwanagenzi wetu alipo, mbele ya injini safi iliyo bubu. Haimpasi kununua kitu kingine. Yampasa ainame, arudi nyuma hatua moja moja kwa njia aliyoijia, abadili jambo moja tu kila mara kisha ajaribu: pumzi, mafuta, cheche, majira. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.