Kabla ya Chama Kulikuwa na Lelemama

Nilipoacha chuo, simu yangu ilinyamaza. Marafiki wa darasani walipotea mmoja mmoja, na mimi nikaona haya kuwatafuta. Walionishika mkono ni wanawake wanne wanaoandika kama mimi. Tunasomeana kazi, tunachangiana kodi ya nyumba. Nilidhani tumebuni kitu kipya. Wapi!

Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 20, wanawake walikuwa na vyama vya ngoma ya lelemama. Vilikuwa na vyeo, sare na wapinzani. Chama kimoja kikicheza leo, kingine kinapanga kukipiku kesho, hata pesa ziishe. Nyimbo nazo hazikuficha: aliyekosa heshima alijisikia akiimbwa hadharani. Lakini ukiwa na harusi au matanga, wenzako walifika. Waungwana na wazao wa watumwa walijikuta kwenye ngoma moja, ingawa ubaguzi haukuisha.

Mwanahistoria Margaret Strobel aliwasikiliza akina mama hao, na mwaka 1979 akachapisha kitabu kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa. Humo unaona uzoefu wa lelemama, wa kuongoza na kuchanga, ukiingia katika vyama vya wanawake vya miaka ya 1950 vilivyojali elimu.

Kwa hivyo mtu akikuambia wanawake wakikutana ni umbea tu, muulize nani humzika jirani yake.

Sisi hatuna sare bado. Ila mwezi jana mmoja wetu alifiwa na mamake. Tulifika wote wanne, mapema, tukaanza kumenya viazi.