Urejelewaji na Fahirisi ya H

Urejelewaji ni hali ya andiko la kitaaluma kutajwa kuwa chanzo ndani ya andiko jingine. Makala moja ikiitaja nyingine, huhesabiwa kuwa imeirejelea mara moja, hata kama imeitaja katika kila ukurasa. Wazo la kuzikusanya hesabu hizi lilitolewa na Mmarekani Eugene Garfield mwaka 1955, na faharasa yake ya kwanza ya sayansi ikaanza kutolewa mwaka 1964. Leo kazi hiyo hufanywa na kanzidata kama Web of Science, Scopus na Google Scholar.

Istilahi hii imejengwa juu ya kitenzi rejelea katika kauli ya kutendwa, na kauli hiyo ndiyo inayobeba maana. Marejeleo ni orodha anayoiandaa mwandishi mwenyewe mwishoni mwa kazi yake. Urejelewaji ni jambo analotendewa na wengine, pengine miaka mingi baadaye. Baadhi ya waandishi hutumia nukuu kwa maana hii. Hilo halifai, kwa kuwa nukuu ni maneno ya mtu yaliyochukuliwa kama yalivyo, ilhali makala ya sayansi inaweza kurejelewa mara elfu bila hata sentensi yake moja kunukuliwa. Neno athari, likitumika kwa nguvu ya makala katika taaluma, nalo humpeleka msomaji kwenye madhara. Uzito wa urejelewaji unaeleweka vizuri zaidi.

Bagamoyo, ambako Taasisi ya Afya Ifakara ina tawi lake, panaonyesha jinsi uzito huo unavyopatikana. Mji huo ulikuwa miongoni mwa vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyofanya jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009. Korogwe kilikuwa kituo kingine cha Tanzania. Sampuli za damu za watoto walioshiriki zilizaa pia kazi ya bayoinformatiki, yaani taaluma ya kuchambua taarifa za kibiolojia kwa kompyuta. Katika makala iliyotoka mwaka 2015 kwenye New England Journal of Medicine, watafiti walisoma mfuatano wa DNA ya vimelea kutoka kwa washiriki 4,985 wa jaribio hilo. Swali lao lilikuwa kama chanjo inavizuia vizuri zaidi vimelea vinavyofanana na kile kilichotumika kuiunda. Kwa watoto waliochanjwa wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17, kinga katika mwaka wa kwanza ilikuwa asilimia 50.3 dhidi ya vimelea vilivyolingana na chanjo, na asilimia 33.4 dhidi ya visivyolingana. Mtu anayeandika kuhusu chanjo za malaria na tofauti za vimelea hawezi kuipita makala hiyo kirahisi.

Katika bayoinformatiki, hata hivyo, zinazorejelewa kupita kiasi ni makala za zana. Jarida la Nature lilipoorodhesha mwaka 2014 makala 100 zilizorejelewa zaidi katika sayansi yote, ile ya programu ya Clustal W, ya mwaka 1994, ilikuwa ya 10, na ile ya BLAST, ya mwaka 1990, ya 12. Wengi wanaolinganisha mifuatano kwa zana hizo huzitaja makala hizo. Kwa hiyo mtunzi wa programu na daktari aliyesimamia jaribio hawawezi kupimwa kwa mizani moja.

Fahirisi ya H ilibuniwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, ili kuunganisha wingi wa makala na urejelewaji wake. Mtafiti ana fahirisi ya 4 ikiwa makala zake 4 zimerejelewa angalau mara 4 kila moja, na hana 5 zilizofikia mara 5. Mwenye makala sita zilizorejelewa mara 90, 41, 12, 5, 4 na 1 ana fahirisi ya 4. Mwenye sita zilizorejelewa mara 7, 7, 6, 6, 5 na 5 ana 5, ingawa jumla yake ni 36 tu dhidi ya 153. Neno fahirisi limechaguliwa kwa sababu ndilo linalotumika katika fahirisi za bei. Faharasa limekwisha kuzoeleka kwa orodha ya mada nyuma ya kitabu.

Kipimo hiki hakigawi sifa. Mwandishi wa kwanza na wa arobaini hupata hesabu ileile. Ripoti kuu za jaribio la RTS,S zilichapishwa kwa jina la ubia mzima, na majina ya washiriki wake yakaorodheshwa kando. Mtafiti wa Bagamoyo anaweza kuhesabiwa katika kanzidata moja na kukosekana katika nyingine. Fahirisi haishuki, hivyo humpendelea mwenye umri mkubwa kazini. Makala inayorejelewa ili ipingwe huongeza hesabu sawa na inayoungwa mkono. Uamuzi wa Shirika la Afya Duniani wa Oktoba 2021 kupendekeza RTS,S kwa watoto, ambao ni tunda kubwa kuliko yote ya kazi ile, hauonekani kabisa katika fahirisi ya mtafiti yeyote.

Tamko la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, la mwaka 2012, lilitaka kipimo cha jarida kisitumike kumpima mtafiti mmojammoja. Fahirisi ya H nayo inahitaji tahadhari: inapotajwa katika wasifu, inafaa iambatanishwe na jina la kanzidata na tarehe, maana Google Scholar, inayohesabu pia tasnifu na ripoti, kwa kawaida hutoa namba kubwa kuliko Web of Science kwa mtu yuleyule.